Watu wa Saa ya Chakula

Watu walionicheka kwa kusomea chakula walikuwa, wote, watu wa kula. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishangaza zaidi katika miaka yangu ya kwanza Sydney. Kama angenicheka mtu wa kufunga na kusali, mtu asiyejali tumbo lake, ningesema ana haki ya kuona kwamba nimepotea njia. Lakini hawa walijua harusi ipi itakuwa na mbuzi na ipi itakuwa na mabawa ya kuku tu, na wakachagua ya kwenda.

Tulikaa Granville, kwenye jengo la matofali mekundu, mimi na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Wazazi tuliwazika kambini Tanzania, baba kwanza, kisha mama kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita, nikatoka. Hakuna aliyenifukuza. Mtu mmoja wa nyumba ilibidi asimame kwenye foleni ya mgao, na siku ya mgao ilikuwa pia siku ya shule. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hawezi kubeba mfuko wa mahindi, na kitindamimba alikuwa bado wa mgongoni. Watu wa huruma hupenda kusikia kwamba nililia. Sikulia. Mwalimu alikuwa anatufundisha desimali kwa fimbo, na desimali sikuzipenda.

Kitindamimba akaanza kukonda. Nikampeleka kituo cha lishe cha kambi, ambako mama mmoja alimvisha utepe mkononi, juu ya kiwiko, utepe wenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Akasoma rangi, akasema neno moja kwa mwenzake, na tangu siku hiyo mtoto akawa anapewa uji wa lishe. Yule mama hakunipa pole wala hakuniuliza tunatoka mkoa gani. Majirani zetu ndio walionipa pole, tena nyingi, wakamwombea mtoto kwa sauti, halafu mmoja wao akaniuliza pembeni kama naweza kumuuzia ule unga. Nadhani hapo ndipo nilipochagua upande.

Australia tulipofika niliambiwa nina bahati, nikapelekwa ofisi ya ajira. Mshauri alikuwa kijana aliyenyoa vizuri, mwenye picha ya mbwa mezani. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia. Akaniuliza nataka kazi gani, nikamwambia nataka kufanya kazi ya lishe hospitalini.

"Kwa hiyo unapenda kupika," akasema.

"Sipendi kupika. Nataka kujua chakula kinafanya nini ndani ya mtu."

Akaandika kwamba napenda kupika. Kisha akanieleza, polepole na kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwelekeza kiziwi njia, kwamba ni vizuri kuwa na ndoto ila tuanze na kinachowezekana. Kilichowezekana kilikuwa kiwanda cha kuku cha Smithfield. Nikawa nakata mapaja kwenye baridi ya friji tangu alfajiri, na yeye nadhani alipata sifa ofisini kwake kwa kunipatia kazi inayohusu chakula.

Chuo cha ufundi hakikunikatalia, lakini hakikunipokea pia. Kilisema nianze na madarasa ya Kiingereza na hesabu, nikayafanya jioni, mikono ikinuka kuku. Desimali zilikuwa zimenifuata mpaka Australia. Mtihani wa kuingia nilianguka, nikasoma tena, nikaanguka tena, kwa alama chache, jambo ambalo mwalimu alidhani litanifariji. Mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa sekondari, alinifundisha uwiano na asilimia kwenye meza ya jikoni, akinijibu kwa Kiingereza kila nilipomuuliza kwa Kiswahili, huku akihema kama mzee aliyechoshwa na mtoto. Mara ya tatu nikapita. Nikaanza kozi ya msaidizi wa lishe, siku mbili darasani, siku nyingine kiwandani.

Hapo kanisa likapata habari.

Kanisa letu lilikuwa linakusanyika kwenye ukumbi wa kukodi, na karibu wote tulikuwa Warundi tuliopitia kambi za Tanzania. Kulikuwa na kamati ya kutembelea wagonjwa, na kamati ilikuwa na mwenyekiti. Burundi alikuwa mwalimu. Sydney alikuwa mwenyekiti. Kazi yake nyingine sikuwahi kuifahamu sawasawa. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya kahawia na sauti nzuri ya kuombea chakula.

"Bon, shemeji wa sufuria," aliniambia Jumapili moja baada ya ibada, akianza kwa Kifaransa chake cha ualimu, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa Fanta. "Nasikia umerudi shule. Unasomea nini?"

"Lishe."

"Lishe ni kitu gani?"

"Chakula, na kinavyofanya kazi mwilini. Hasa kwa wagonjwa."

"Kwa hiyo unasomea kula."

Watu wakacheka.

"Mama yako alisomea wapi?" akaendelea. "Alikulisha ukakua, ukaota meno, ukapata ndevu. Alikuwa na cheti?"

"Mama amekufa," nikasema.

"Tunajua, Mungu amlaze pema. Mimi nasema tu. Mwanaume mzima, mkubwa wa nyumba, ana wadogo wa kulea, anaacha zamu za kiwanda anakwenda kufundishwa kwamba karoti ni nzuri. Hata sungura anajua."

Sungura huyo alifanya kazi kubwa. Kwa miezi mingi watu waliokutana nami stesheni au dukani walinisalimia kwa kuniuliza hali ya sungura. Mama mmoja, shemasi, ambaye alinipenda kwa namna yake, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, oa. Ukioa utapata mtu wa kukusomea hayo mambo ya jikoni." Nilimshukuru. Kwa nini nibishane? Mtu aliyeketi kwenye kiti chako akikuambia kwamba kusimama ni kuzuri kwa afya, huwezi kumjibu kitu.

Mwisho wa kozi ulikuwa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Bila mafunzo hayo hakuna cheti, na bila sahihi ya msimamizi hayo mafunzo si kitu. Kiwanda kilinipa ruhusa bila mshahara, mara moja tu, na msimamizi wa kiwanda aliniambia waziwazi kwamba nikija kuomba tena nisijisumbue kurudi kazini. Nikifeli, basi nimefeli. Ningebaki kwenye mapaja ya kuku mpaka vidole vikatae kukunjuka.

Msimamizi wangu hospitalini alikuwa mtaalamu wa lishe, mama wa Kiaustralia mwenye mvi zilizokatwa fupi, asiyependa maneno mengi. Kazi alinieleza tukiwa tunatembea. Unapita vitandani na orodha ya vyakula, unamsaidia mgonjwa kuchagua kinachomfaa, unahakikisha trei iliyofika ni yake, na baadaye unaangalia kilichobaki. Unapima uzito. Unamwambia mtaalamu ulichoona. "Ulichoona," alirudia, "si unachofikiri." Nilidhani nimeelewa.

Juma la pili akanikabidhi bibi mmoja wa kwetu, wa kanisa letu hasa. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga tangu upasuaji, na madaktari walikuwa wamesema kwamba mwili wake hauna akiba ya kujengea nyama mpya. Alihitaji mayai, kuku, samaki, pudini ya maziwa iliyoongezwa nguvu, yote kwa kipimo, kila mlo. Msimamizi alifurahi kwamba nazungumza lugha anayoielewa mgonjwa. Nilimwandalia bibi vyakula kwa makini, nikauliza anachopenda, nikaomba jikoni wampe samaki badala ya jibini, kwa sababu jibini kwake ilikuwa maziwa yaliyooza.

Trei zilirudi tupu, tena zimepanguswa. Wauguzi wakawa wananiambia bibi yako anakula vizuri, nami nikatembea wodini kifua mbele.

Kisha tukampima, akawa amepungua. Tukampima tena baada ya siku chache, akawa amepungua zaidi. Kidonda kilikuwa kimekaa vilevile, kimekodoa kama jicho.

Msimamizi aliniita ofisini akafunga mlango.

"Anakula?"

"Anakula vizuri sana. Trei zinarudi tupu."

"Umemwona akila?"

"Trei ziko tupu," nikasema.

"Sikukuuliza habari za trei." Akanigeuzia karatasi ya uzito. "Anapungua. Ama mizani inadanganya, ama wewe. Mizani nimeshaikagua."

Akasema mwisho wa juma anaandika ripoti yangu, na kwa ilivyo sasa hawezi kutia sahihi kwamba mimi ni mtu wa kuaminiwa na mgonjwa. Alisema bila hasira. Ningependelea angekasirika.

Siku iliyofuata saa ya chakula cha mchana nilikwenda nikasimama mlangoni mwa chumba cha bibi, nikajilazimisha kutazama kama mtu asiye wa kwetu.

Kamati ilikuwepo. Kamati ilikuwa inakuwepo kila siku. Mwenyekiti alikuwa amekalia kiti cha pekee, mama shemasi yuko ukingoni mwa kitanda, na mjumbe mwingine amesimama karibu na dirisha. Maombi yalikuwa yameshakwisha. Bibi alikuwa ameegemea mto, trei iko mapajani mwake, na anaisukuma mbele kwa mikono miwili.

"Kuleni, wanangu. Kuleni, msiniache na aibu."

Nao wakala. Mwenyekiti alichukua kuku. Mjumbe wa dirishani alichukua pudini. Mama shemasi alilifunga yai la kuchemsha kwenye karatasi laini, akalitia mkobani kwa ajili ya baadaye. Bibi alibaki na chai, akawaangalia kwa furaha, akipangusa sahani kwa kipande cha mkate ili isionekane chafu kwa watakaokuja kuichukua.

Nilikuwa nimewaona. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Nilikuwa nimepita pale kila siku, nikawaona wakila, nikawasalimia, nikatoka. Sikuona kitu, kwa sababu kwetu hakikuwa kitu. Mtu hali mbele ya mgeni bila kumgawia; hata ukiwa na kiazi kimoja unakimega. Mgeni naye hakatai, maana kukataa ni kusema chakula chako kichafu, au unadhani umetiliwa sumu. Kitanda kile kilikuwa nyumba ya bibi, na trei ilikuwa jiko lake. Mgonjwa ana wageni, wageni wanakula, basi dunia iko sawa.

Bibi simlaumu mpaka leo. Lakini wale wengine walijua chakula kile kinatoka wapi na ni cha nani. Hospitali ilikuwa na saa nyingi za kutembelea wagonjwa, asubuhi na alasiri, saa ambazo hakuna trei hata moja kwenye korido. Kamati haikuwahi kufika saa hizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilistahili tangu mlangoni.

"Kuku wa leo hana chumvi," mwenyekiti alikuwa anasema. "Wa juzi alikuwa afadhali."

"Hicho chakula ni dawa ya bibi," nikasema.

Wote wakageuka. Mwenyekiti akaliangalia paja alilolishika.

"Dawa ina mfupa?"

"Anapungua uzito, mwenyekiti. Kidonda hakifungi. Kile anachopangiwa mnakila ninyi."

"Bibi ametukaribisha. Au kwenye shule ya kula hawafundishi kukaribishwa?"

"Nawaomba mtoke. Mrudi saa tisa."

"Unatufukuza." Aliliweka paja chini taratibu, kama mtu anayeweka ushahidi. "Mama shemasi, umesikia? Mtoto tuliyemwombea kambini anatufukuza kwa mgonjwa."

"Na yai," nikasema.

Mama shemasi akashika mkoba.

Nilitegemea bibi aseme neno. Alisema. "Wewe mtoto," akaniambia, "nani kakuruhusu kuwahesabia wageni wangu matonge?"

"Bibi, unakonda."

"Nakonda mimi, si wao. Nimelala hapa kama gogo. Sina jiko, sina mkeka wa kumtandikia mtu, kimenibaki hiki kitrei. Nawe unataka nikifiche chini ya shuka?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa na akatoka mwisho, akinipita karibu sana. Mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mafuta.

Kwetu mambo ya nyumbani hayapelekwi ofisini kwa Wazungu. Hiyo ni sheria ambayo hata watoto wetu waliozaliwa Australia wanaijua. Kumwambia yule mama wa mvi kwamba watu wa kanisa langu wanakula chakula cha mgonjwa kulikuwa ni kuwavua nguo watu wote wa kwetu, pamoja na mimi. Nilitembea korido ile nikitafuta maneno ya kuwafunika. Sikuyapata, na nilipogonga mlango wake nilikuwa nimechoka kuyatafuta. Nikamwambia yote kama yalivyo, pamoja na yai.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kama angecheka.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia."

"Niliwaona, lakini sikuona kwamba kuna la kusema."

"Tukizuia wageni saa za chakula, atakula?"

"Hapana. Kwetu anayekula peke yake ni mchoyo au mchawi. Atageukia ukutani."

"Basi tufanye nini?"

Ni swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza Australia nzima. Nikamwambia niruhusiwe kukaa naye nikiwa na chakula changu mwenyewe, mkate wangu na maharage yangu, nile mbele yake ili asiwe peke yake. Akakubali kwa sharti moja. Hakuna kugawana. Mimi nisile tonge lake hata moja, wala yeye asile langu, kwa sababu lake limepimwa na langu halijulikani.

Alilisema sharti hilo kama jambo dogo. Hakujua ameniambia nimtukane bibi wa watu kila siku, mchana na jioni.

Mlango wa wodi ukawekewa tangazo. Nilisikia kwamba mwenyekiti alijaribu kupita kwa kusema yeye ni mchungaji, na muuguzi mmoja Mkenya, aliyemwelewa vizuri mno, akamjibu kwamba wachungaji nao wana majiko kwao.

Siku ya kwanza bibi aligeukia ukutani, kama nilivyosema. Nilikula mkate wangu wote nikiangalia mgongo wake. Trei ikarudi imejaa, nikaripoti imejaa. Jioni vilevile. Siku ya pili alisema bila kugeuka, "Unatafuna kama mbuzi." Nikaendelea kutafuna. Alipogeuka alikuwa na hasira, na kwa hasira hiyohiyo akachukua yai, akalimega, akaninyooshea nusu.

"Shika."

"Asante, bibi. Siruhusiwi."

"Nimekwambia shika."

"Bibi, siruhusiwi."

Mkono wake ulibaki hewani. Nimepitia mambo kadhaa maishani, lakini sijui kama kuna kilichoniwia kigumu zaidi kuliko kukaa bila kuupokea mkono ule wenye nusu ya yai.

"Kwa hiyo mimi ni mchawi," akasema.

"Hapana, bibi."

"Unaniogopa."

"Sikuogopi."

Akala ile nusu mwenyewe, polepole, akinikazia macho, kuthibitisha kwamba haina sumu. Halafu akala nusu nyingine. Ndivyo tulivyoendelea. Kila mlo alininyooshea kitu, kila mlo nilikataa, na yeye, ili kunionyesha mimi ni mtu wa namna gani, alikula mbele yangu mpaka mwisho. Alinisema wakati wote akila. Alisema kwamba nimelelewa na foleni, si na mama. Alisema kwamba mkate wangu unanuka uchoyo. Nilikubali yote, nikasogeza samaki karibu na mkono wake.

Mwisho wa juma ulipofika msimamizi hakuandika ripoti. Alisema anasubiri mizani. Niliishi siku hizo kama mfungwa anayesubiri hukumu. Kwanza uzito ukasimama. Kisha ukapanda, kidogo, kiasi ambacho desimali peke yake ndiyo inaweza kukionyesha, nami nikazitazama desimali zile nikajua angalau nilichapiwa nini. Pembezoni mwa kidonda kukatokea nyama nyekundu, changa.

Alitia sahihi akiwa amesimama. Kalamu ikakataa, akatafuta nyingine kwenye droo huku akinung'unika. "Siku nyingine uniambie unachokiona hata kama kwako si kitu," akasema, akanipa karatasi, akaenda zake kwenye mkutano.

Hakukuwa na makofi. Sikuyahitaji. Nilipanda treni kurudi Granville nimesimama, ingawa viti vilikuwepo. Sikuwa bado mtaalamu wa lishe. Nilikuwa msaidizi, ngazi ya chini kabisa ya ngazi ile, na juu yangu kulikuwa na stashahada, na juu yake chuo kikuu, milango ambayo isingeniangalia hata usoni kabla ya siku ile. Lakini mguu mmoja nilikuwa nimeuweka, na haukuwekwa na mshauri mwenye picha ya mbwa, wala haukuombewa na kamati. Wadogo zangu niliwaonyesha karatasi. Wa kiume aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini, akasema kwa Kiingereza kwamba si mbaya. Kwa kijana wa umri ule hiyo ilikuwa hotuba.

Habari zikafika kanisani. Mwenyekiti akanipigia simu, sauti tamu, shemeji wa sufuria amesahauliwa, sasa nilikuwa mwana wetu.

"Kamati imeamua tukufanyie sherehe ya shukrani," akasema. "Ukumbi upo. Wewe utaleta nyama na Fanta."

"Na kamati italeta nini?"

"Kamati italeta watu."

Nikamwambia hapana. Akadhani sikusikia, akarudia. Nikamwambia kwamba nimesikia, na watu wake nawajua wanavyokula, hata sungura angewaonea wivu. Akasema kwamba Wazungu wameniharibu. Huenda. Yeye na kamati yake walikuwa wameharibiwa na nani, sijui.

Bibi aliruhusiwa kutoka hospitali. Jumapili chache baadaye alikuja kanisani na akaomba nafasi ya ushuhuda. Alimshukuru Mungu, akaishukuru kamati, mmoja mmoja, kwa kumtembelea bila kuchoka. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha bibi akanitafuta kwa macho kati ya viti, akanipata.

"Lakini yuko kijana hapa ndani," akasema, "aliyewafukuza wageni wangu, halafu akawa anakuja yeye na mkate wake. Anakaa mbele yangu mgonjwa, anakula, hanimegei. Nikimpa changu, anakataa. Hata kambini, kwenye njaa, sikuona mtu wa namna hiyo."

Kanisa zima likaguna. Vichwa vikageuka. Mama shemasi alinitazama kwa huruma ileile ya kuniambia nioe.

Bibi hakuwa amemaliza. Alieleza aina ya mkate, alieleza maharage, alieleza jinsi ninavyotafuna. Fimbo yake ya kutembelea alikuwa ameiacha kwenye kiti chake. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu, uzito wake wote juu ya miguu miwili, na kila alipokumbuka ubaya wangu mwingine alipiga hatua mbele ili nimsikie vizuri. Nikautazama ule mguu. Haukutetemeka.

Mdogo wangu wa kike aliinama akaninong'oneza kwa Kiingereza, akiwa amekufa kwa aibu, kama tunaweza kuondoka sasa.

"Subiri," nikamwambia. "Mwache aseme. Bado amesimama."